Vitabu vya Watoto kwa Kiswahili Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wazazi, walimu na watu wanaotamani kuandika, na mengi yaliulizwa mlangoni petu, sisi tunaoazimisha na kuchapisha vitabu vya watoto, kitabu kikiwa mkononi na bodaboda ikingoja nje. Majibu ya haraka tuliyoyatoa siku hizo hayakutosha, kwa hiyo tumeyaandika tena kwa utulivu, tukiongeza yale tuliyojifunza kwa kukosea.

Mtoto aanze kusomewa akiwa na umri gani?

Aanze kabla hajajua kwamba kitabu ni kitu cha kusomwa. Mtoto wa miezi sita hulamba jalada, hukunja kurasa na kuutazama uso wa anayemsomea kuliko anavyozitazama picha, na hayo yote yanafaa, kwa kuwa anajifunza kwamba kitu kile chenye kurasa huja pamoja na sauti anayoijua na mapaja anayoyakalia. Linalotusikitisha ni kwamba watoto wengi nchini mwetu hukutana na kitabu kwa mara ya kwanza darasani, tena kitabu cha mazoezi chenye maswali chini ya kila picha, hivyo huamini kwamba kila ukurasa una mtego. Mtoto aliyekwisha kucheka na kitabu nyumbani hauogopi mtego huo hata akiukuta.

Nyumbani tunazungumza Luganda. Je, hadithi za Kiswahili hazitamchanganya mtoto?

Hazitamchanganya, na mtoto anayezungumza lugha ya Kibantu atazizoea mapema kuliko mnavyodhani. Anayesema omuntu na abantu ameshawashika mtu na watu. Anayesema ekitabo na ebitabo amebakiza hatua moja tu afike kwenye kitabu na vitabu. Na omukono, ambao wingi wake ni emikono, unamfungulia mlango wa mkono na mikono. Ngeli, ambazo humtoa jasho mgeni anayejifunza Kiswahili ukubwani, mtoto huyu amezaliwa nazo. Atakapojikwaa ni kwenye l na r. Katika tahajia ya Luganda herufi r huandikwa baada ya e na i, na kwingineko huandikwa l, kwa hiyo sikio lake halijazoea kuzitumia sauti hizo mbili kutenganisha maana, ilhali katika Kiswahili kula si kura na mahali si mahari. Msimcheke wala msimkatize katikati ya hadithi. Mtafutieni hadithi yenye kiitikio kinachoyarudia maneno hayo, naye atayapanga mwenyewe.

Kwa mtoto wa Kiacholi, Ateso au Lugbara safari ni ndefu kidogo, maana lugha hizo hazina ngeli za namna hiyo, na yeye hasa ndiye anayehitaji hadithi zenye marudio mengi.

Hata hivyo, hatupendekezi kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya lugha ya mama. Mtaala wa mada ulioanza kutumika mwaka 2007 unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao pale inapowezekana, na sababu yake ni ya msingi: anayejifunza kusoma kwa lugha asiyoielewa hubebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Jioni moja iwe ya Luganda na nyingine ya Kiswahili, na kitabu kimoja kisomwe kwa lugha zote mbili kikipatikana.

Mtoto wetu amekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na husema "batoto" na "bitabu". Tumsahihishe?

Msimsahihishe anapozungumza. Hicho ni Kiswahili cha Kongo, lugha kamili ya mamilioni ya watu, na viambishi vyake viko karibu na Luganda na Runyankole kuliko vya Kiswahili sanifu. Msomeeni kitabu kama kilivyoandikwa, na akiuliza kwa nini kitabu kinasema watoto, mwambieni kwamba vitabu vina namna yao ya kusema na nyumbani kuna namna yake.

Mama mkwe wangu anasema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Nimjibu nini?

Usimbishie, kwa sababu hasemi uongo kuhusu yale aliyoyaona. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mpango wa serikali ya kikoloni wa kukieneza Buganda. Na mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, wakati ambapo familia nyingi zilikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani kuliko mahali pengine popote. Lugha iliyoingia nyumbani kwa mtutu wa bunduki haisahauliki kwa kizazi kimoja.

Ipo historia nyingine ambayo haisimuliwi sana. Kamati ya lugha iliyokuwa ikisanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilihamia Makerere mwaka 1952 na kukaa hapo takriban miaka kumi kabla ya kwenda Mombasa, kwa hiyo sehemu ya kazi ya kukisanifisha Kiswahili ilifanyika juu ya kilima cha Kampala. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maagizo hayo ni mema, lakini agizo ni agizo, na mama mkwe wako ameshasikia maagizo ya kutosha kwa Kiswahili. Kitabu cha watoto kinaingia kwa mlango mwingine. Bibi anayemsikia mjukuu wake akimwigiza sungura aliyenaswa kwenye matope huanza kukisikia Kiswahili kikifanya kazi ambayo hakuwahi kukisikia kikiifanya, yaani kuchekesha. Mwombe akae karibu mnaposoma. Usimwombe zaidi ya hapo.

Mimi mwenyewe sikijui Kiswahili vizuri. Nitamsomeaje mtoto?

Bahati yako ni kwamba Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kina irabu tano, na kila moja ina sauti moja tu. Ukiweza kusoma ba, be, bi, bo, bu kwa sauti, unaweza kusoma ukurasa mzima hata kama neno moja au mawili hulielewi. Fanya mazoezi kidogo ya ng' ya ng'ombe, ambayo ni tofauti na ng ya nguo, pamoja na dh, th na gh, ambazo hata wazungumzaji wengi wa bara huzitamka kama z, s na g. Neno usilolijua mtafute maana pamoja na mtoto kwenye picha. Watoto hufurahi sana kumwona mtu mzima akijifunza, na wengine huanza kumfundisha yeye, jambo ambalo ni zuri kuliko lolote tulilopanga.

Vitabu vyenyewe vinapatikana wapi?

Vichache kuliko inavyostahili. Maduka mengi ya vitabu ya Kampala huweka mbele vitabu vya kiada na vya mitihani, kwa kuwa ndivyo vinavyonunuliwa mwezi Februari shule zinapofunguliwa, na hadithi za Kiswahili hukaa rafu ya chini, pengine nyuma ya atlasi. Uliza kwa jina la kitabu au la mchapishaji, kwa sababu mwuzaji anayeulizwa "mna vitabu vya Kiswahili vya watoto?" atakupa kitabu cha sarufi.

Maktaba za jamii ni njia nyingine. Kitengesa, karibu na mji wa Masaka, maktaba ilianza mwaka 1999 kama sanduku la vitabu katika shule ya sekondari, ikapata jengo lake mwaka 2002, na mwaka 2007 kikaanzishwa chama cha maktaba za jamii cha Uganda kinachoziunganisha maktaba za namna hiyo nchini. Tunaitaja kwa sababu ya lile sanduku: watu wengi wanaotaka kuanzisha maktaba hungoja jengo.

Kwa mwenye simu, mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuanza kutoa hadithi zake kwenye intaneti mwaka 2014, una hadithi za bure kwa Kiswahili, Luganda, Lugbara, Lumasaaba na lugha nyingine nyingi za Afrika. Leseni yake ni huria, maana yake unaruhusiwa kupakua, kuchapa na hata kutafsiri, mradi uwataje waliotunga. Ubora wake haulingani. Hadithi nyingine zinang'aa na nyingine zilitafsiriwa kwa haraka, kwa hiyo soma mwenyewe kwanza.

Vitabu vya Kenya na Tanzania vinatufaa?

Vinafaa, na bila hivyo tungekuwa mikono mitupu. Tanzania hasa imefanya kazi kubwa, ikiwa ni pamoja na Mradi wa Vitabu vya Watoto uliokuwapo tangu mwaka 1991. Mtoto wa Kampala atauliza daladala ni nini, na wewe utamwambia kwamba ni taksi yetu, naye ataendelea. Tatizo huja pale ambapo mtoto hajawahi kabisa kukutana na kitabu cha Kiswahili chenye matoke yanayochemka ndani ya majani ya mgomba, rolex, yaani chapati ya mayai, inayokunjwa kando ya barabara, au mvua inayotokea upande wa Ziwa Nalubaale, yaani Viktoria. Akisoma vitabu kumi na mtaa wake usionekane hata kimoja, atahitimisha kwamba Kiswahili ni lugha ya kwa jirani.

Nataka kuandika. Nianzie wapi?

Anza kwa kukunja karatasi. Chukua karatasi sita, zikunje katikati, uzishone kwa uzi, nawe utakuwa na kijitabu cha kurasa 24, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa kitabu cha picha cha bei nafuu. Toa ukurasa wa jina na ule wa taarifa za mchapishaji, kisha igawe hadithi yako katika kurasa zilizobaki kwa penseli. Utagundua mara moja kwamba hadithi uliyoidhani fupi haienei kwenye kitabu, au kwamba mambo yote yanatokea ukurasa wa nne na baada yake hakuna kitu. Kitabu cha picha huishi katika kugeuzwa kwa ukurasa: swali liwe upande wa kulia, jibu lijifiche nyuma yake, na kidole cha mtoto kiwe na sababu ya kwenda mbele.

Maneno yasirudie kazi ya picha. Ukiandika "Nakato alivaa gauni jekundu" na mchoraji akachora gauni jekundu, mmoja wenu amepoteza muda. Ukiandika "Nakato hakulipenda gauni lile, kwa sababu pacha wake Babirye ndiye aliyelichagua," umeleta jambo ambalo picha haiwezi kulisema peke yake, na kila mtoto mwenye ndugu amekwisha kuelewa ugomvi unaokuja.

Halafu kuna urefu. Miongozo mingi ya viwango vya usomaji huhesabu maneno katika ukurasa, na hesabu hiyo ilipangwa kwa lugha zenye maneno mafupi. Katika Kiswahili neno hawatatusomea ni neno moja, lakini lina silabi saba na ndani yake kuna sentensi nzima: mtendaji, wakati, ukanushi, mtendewa na kitendo. Ukurasa wenye maneno manne ya namna hiyo ni mlima kwa mtoto wa darasa la kwanza, hata kama mwongozo unasema ni rahisi. Sisi huhesabu silabi, na kwa msomaji anayeanza hukwepa vitenzi vinavyozidi silabi nne.

Jambo la mwisho ni lile linalotufanya tugombane na waandishi wapya karibu kila mara, nalo ni ukurasa wa mafunzo. Hadithi inakwenda vizuri, mbuzi ameteremka kwenye bodaboda pale Busia na amepotea sokoni, watoto wameshika pumzi, kisha ukurasa wa 23 unatangaza kwamba ni vyema kuwatii wazazi. Ufuteni ukurasa huo. Mtoto amekwisha kuona yaliyompata mbuzi.

Naweza kuiandika ngano aliyonisimulia bibi yangu?

Unaweza, na heri ufanye hivyo upesi. Sungura mjanja wa Waswahili ndiye Wakayima wa Waganda na Apwoyo wa Waacholi, wala hakuna mwandishi mmoja anayemmiliki. Kinachokuwa chako ni maneno na mpangilio utakaoutumia. Heshima inataka utaje mahali ulipoipata ngano na lugha yake ya asili. Kuhusu mwanzo wake, tafadhali usiweke "Paukwa! Pakawa!" kwa mazoea tu kwenye ngano ya Kiganda ambayo kwao huanza kwa "Awo olwatuuka". Nyimbo za katikati ya ngano ziache katika lugha yake ya asili, kwani wimbo ukitafsiriwa mapigo yake hupotea, na watoto huimba hata wasichokielewa.

Mchoraji alipwe vipi?

Kwa mkataba ulioandikwa kabla penseli haijagusa karatasi, unaoeleza kama analipwa mara moja au kwa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo, nani atabaki na michoro halisi, na kama michoro inaweza kutumiwa kwenye kalenda au mabango. Jina lake liwe juu ya jalada pamoja na la mwandishi. Katika kitabu cha kurasa 24, yeye ndiye aliyefanya kazi ya siku nyingi zaidi.

Nikishakamilisha mswada, nauchapishaje?

Ukiwa na subira, upeleke kwa mchapishaji, ambaye akiupokea atagharamia uhariri, usanifu wa kurasa na uchapaji. Ukiamua kugharamia mwenyewe, namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyo pia inakutaka upeleke huko nakala za kitabu kikishatoka.

Kisha utashuka Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, ambako kwa hatua mia moja utakutana na wasanifu, wakata karatasi na wapiga pini wa kila aina. Kurasa ziwe kwa mafungu ya nne, kwa sababu kila karatasi inayokunjwa huzaa kurasa nne. Acha milimita tatu za mchoro nje ya kila ukingo, vinginevyo kisu kikiteleza utaona mstari mweupe. Nakala chache huwa nafuu zaidi kwa mashine za dijitali. Zikiwa maelfu, mashine za mabamba (ofseti) hushinda. Zaidi ya yote, usiruhusu kazi iendelee kabla hujaona prufu ya rangi, yaani nakala ya majaribio, kwenye karatasi ileile itakayotumika. Rangi za kwenye kioo cha kompyuta hutokana na mwanga, lakini mashine ina wino wa rangi nne tu, samawati, majenta, manjano na nyeusi, na hizo mbili hazikubaliani kila mara. Tulipuuza hilo mara moja, kwa haraka ya kuwahi sherehe ya shule, tukapokea mamia ya nakala ambazo ndizi zake mbichi zilikuwa na rangi ya saruji. Watoto walidhani ni samaki.

Hakimiliki inalindwaje?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda kazi yako tangu unapoiandika, na ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kuisajili kwenye Ofisi ya Huduma za Usajili ya Uganda, URSB, si sharti la kulindwa, lakini cheti husaidia ugomvi ukitokea. Kutafsiri kitabu cha mwingine bila ruhusa ni kosa hata kama hupati faida, isipokuwa leseni yake iwe huria.

Nina watoto themanini darasani na kitabu kimoja. Nifanye nini?

Mwalimu, kitabu kimoja kinatosha kuanzia. Kinakili kwa herufi kubwa kwenye manila au kwenye viroba vya unga vilivyofunguliwa na kuoshwa, ambavyo havichaniki upesi na hukunjwa bila kuharibika, kisha kitundike mahali ambapo hata aliye nyuma anaona. Soma mara ya kwanza bila kuuliza swali lolote. Mara ya pili waachie kiitikio. Mara ya tatu nyamaza mahali fulani wamalizie wao. Dakika kumi za kila siku kabla ya mapumziko zina nguvu kuliko saa nzima ya Ijumaa. Tulikumbushwa umuhimu wa jambo hilo shule zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022: watoto waliokuwa na hadithi kichwani waliendelea kusimuliana, na daftari za mazoezi zilibaki zimefungwa.

Ukitaka siku ya kuwaalika wazazi, ipo tarehe 2 Aprili, siku ya kimataifa ya vitabu vya watoto, na tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Waombe wazazi wasimulie; hotuba zisizidi moja.

Na mtoto asiyeona?

Uganda ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2018, mkataba unaolenga kuwezesha vitabu kugeuzwa kuwa vya breli au vya sauti kwa wasioona bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki. Nyumbani, bandika vitu vinavyoshikika kando ya maneno: ganda la ndizi lililokauka, kipande cha kitenge, punje za mahindi.

Kitabu kikichanika?

Usitumie selotepu, kwa kuwa hugeuka manjano, hukauka na kuacha doa lisilotoka. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, pakaza kwenye ukanda wa karatasi nyembamba, bandika, kisha lazia tofali usiku mmoja. Pini zikioza, zing'oe na ushone kwa uzi kupitia matundu yaleyale. Ukurasa ukipotea kabisa, mpe mtoto anayeikumbuka hadithi auandike na kuuchora upya, nawe uushone mahali pake. Tunayo nakala moja yenye kurasa mbili za namna hiyo, na ndiyo inayoazimwa kuliko zote.